Nyumba ni ya konkriti, sasa mchwa wametoka wapi?

Juzi mvua ilipoanza mama mmoja wa upande wa Kangundo Road alitupigia simu amekasirika kweli, anasema aliponunua nyumba ya paneli za EPS, ile foamu nyeupe nyepesi iliyobanwa katikati ya konkriti mbili, aliambiwa mambo ya mchwa asahau kabisa, na sasa fundi wa stima amefungua soketi ya sebuleni amekuta imejaa udongo mbichi. Tukaenda. Tukazunguka nje ukuta ni safi, rangi bado inang'aa, hakuna hata njia moja ya udongo. Tukapanda juu ya siling, ile mbao ya kwanza inayokalia ukuta nikaidunga na bisibisi ikazama mpaka mpini, kama unadunga mandazi.

Hii kitu tunaulizwa kila mara siku hizi kwa sababu nyumba za paneli zimeongezeka, hata Shirika la Nyumba la Taifa lina kiwanda chake kule Mavoko. Na kusema ukweli ni nyumba nzuri, hazina joto, zinajengwa haraka. Ila mtu akikuambia haziingii mchwa huyo anataka tu kuuza.

Iko hivi. Mchwa hali simiti na hata hiyo foamu haimshibishi, ni plastiki, chakula chake ni mbao, karatasi, kadibodi, vitu kama hivyo. Lakini foamu ni laini, anaitafuna na kuitoa kidogo kidogo anachimba njia, na kwa vile hapendi mwanga wala hewa kavu, katikati ya konkriti mbili amepata barabara yenye paa. Kwa ukuta wa mawe lazima apande juu juu akijenga kale kamfereji ka udongo, unakaona, unapiga simu. Hapa anatoka ardhini mpaka kwa mbao za paa na wewe uko sebuleni unaangalia news. Marekani kanuni zao za ujenzi, kwa zile sehemu zenye mchwa wengi sana kama Florida na Louisiana, zinakataza hii foamu kuwekwa kwa msingi chini ya udongo, na ile ya juu iachane na udongo angalau inchi 6.

Sasa tafadhali, oili chafu na petroli HAPANA. Najua ni dawa ya wazee, lakini chukua kipande cha ile foamu nyeupe ya katoni ya TV umwagie petroli uone, inayeyuka hapo hapo inabaki kama ute. Sasa fikiria hiyo ni ndani ya ukuta wako. Hata dawa zingine za mchwa zinakuja na mafuta makali ndani, kwa hivyo kwa nyumba za paneli sisi tunatumia zile za maji, mara nyingi fipronil au imidacloprid, ambazo mchwa hata hajui amezikanyaga, anapita nazo mpaka kwa wenzake. Tunachimba mtaro kuzunguka nyumba, wa futi moja kwenda chini, tunamwaga lita 5 kwa kila mita na udongo unaorudishwa nao unapigwa dawa. Penye sakafu ya konkriti tunatoboa sakafu kando ya ukuta, paneli yenyewe hatuitoboi.

Wengine wanatuambia tutafute malkia tu tumalize. Kama kichuguu kiko kwa ploti yako sawa, lakini mara nyingi kiota kiko kwa jirani na jirani mwenyewe hapokei simu.

Kama bado unajenga una bahati, dawa inapigwa juu ya hardcore, yale mawe ya kujazia chini ya sakafu, kabla polithini haijatandazwa, bei yake ni kidogo ukilinganisha na kurudi baadaye kutoboa toboa. Mwambie fundi msingi uwe konkriti tupu au mawe, foamu ianze juu ya ardhi, na hapo chini abakishe kama sentimita 15 unazoziona kwa macho, asizike na udongo, plasta wala kabro.

Yule mama shida yake ilikuwa hiyo hiyo, bustani ya maua imejazwa udongo mpaka juu ya mwanzo wa paneli. Maua alikubali kuhamisha, kabro za parking akakataa kata kata, ati ndio ameweka mwaka huu. Tukabishana mpaka chai ikapoa, mwishowe akaturuhusu tung'oe mstari mmoja tu ulioshikana na ukuta, na chini ya kabro ya tatu walikuwa hapo wamejaa.