Kwa nini seva ya masasisho tumeileta Mbeya

Wateja wetu wa vituo vya maziwa Rungwe na maghala ya parachichi Njombe mmekuwa mkituuliza: kile kisanduku kinachosoma joto la tangi au la chumba cha baridi, mbona siku hizi kinapata programu mpya bila fundi kuja? Tumeona tulieleze jambo hili vizuri, maana linagusa maziwa yenu na bando lenu.

Zamani fundi alipanda Mwakaleli na laptop mgongoni, na mvua za Tukuyu mnazijua. Kosa moja kwenye programu lilikuwa safari ya kila kituo. Baadaye tukakodi huduma ya nje, tunalipa kwa dola kwa kila kifaa. Ilifanya kazi, lakini orodha na ruhusa za vifaa vyenu zilikaa kwa watu tusiowajua, na hilo halikutupa amani.

Sasa tunaendesha wenyewe Mender, programu huria ya kusambaza masasisho, juu ya klasta (kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja) yenye mashine tatu hapa Mbeya, inayosimamiwa na programu ya Kubernetes. Jina Kubernetes limetoka kwenye Kigiriki, maana yake mshika usukani: kontena moja (kifurushi ambamo programu inaendeshwa) likianguka, Kubernetes yenyewe inawasha jingine. Mashine ni tatu kwa sababu kumbukumbu kuu ya klasta hukubali jambo pale tu walio wengi wanapokubaliana. Moja ikizimika, mbili zinaendelea na kazi. Tungekuwa na mbili, ile inayobaki isingeweza kuamua peke yake.

Kifaa kipya kinatengeneza ufunguo wake wa kidijitali na kupiga hodi kwenye seva yetu. Hakipewi kitu mpaka mtu wetu alinganishe namba yake na iliyoandikwa kwenye kisanduku, kisha akikaribishe. Baada ya hapo chenyewe ndicho kinachouliza, kila nusu saa, kama kuna jipya. Hakuna anayekiingilia kutoka nje. Diski yake ina pande mbili: programu mpya inaandikwa upande usiotumika, halafu kinajiwasha upya. Kikishindwa kuwaka vizuri au kuifikia seva, kinarudi upande wa zamani. Kwa hiyo hata umeme ukikatika katikati ya uandishi, upimaji wa joto unaendelea na toleo lile lile la jana.

Kuweka seva kwenye klasta hakukutuchukua muda mrefu. Kilichotutoa jasho ni anwani. Kifaa cha majaribio mezani kilisasishwa bila shida, tukashangilia. Cha Isongole kikaona sasisho lipo, kikajaribu kulipakua, kikafeli, tena na tena. Siku mbili tulilaumu mtandao wa simu. Kumbe seva haitumi faili yenyewe. Inakipa kifaa kiungo kilichotiwa sahihi ya kidijitali na chenye muda wa mwisho, kiende kuchukua faili kwenye hifadhi ya mafaili. Na sisi kwenye mipangilio ya hifadhi tuliandika anwani ya ndani ya ofisi. Mezani inafikika, Isongole haipo. Wala huwezi kuibadilisha njiani, kwa sababu anwani ni sehemu ya kile kilichotiwa sahihi; ukiigusa tu, kiungo kinakataliwa. Tuliipa hifadhi jina lake la hadharani na cheti chake (kitambulisho cha kidijitali), na jioni ile ile kisanduku cha Isongole kikapakua. Yeyote anayetaka kujenga mfumo wa namna hii, ajaribu kifaa cha kwanza kwa laini ya simu, mbali na Wi-Fi ya ofisi.

Jambo la pili ni saa. Baadhi ya visanduku vyetu vya awali havina betri ya saa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma, na kikiwaka kinaona cheti cha seva ni cha tarehe ambayo haijafika, hivyo kinakataa kuzungumza nayo. Sasa tumevipangia virekebishe saa kwanza, ndipo viitafute seva.

Kuhusu bando: sasisho la mfumo mzima kwetu ni megabaiti 350, na ukiwa na vifaa 40 hizo ni gigabaiti 14. Ndiyo maana mara nyingi tunatuma kipande cha programu kilichobadilika tu, na mfumo mzima tunautuma usiku. Mtandao ukikatika, upakuaji unaendelea ulipoishia.

Hifadhidata yenye orodha ya vifaa tunainakili kila usiku, na nakala moja inakaa nje ya jengo. Ikipotea, kila kisanduku kuanzia Kiwira hadi Makambako kitapiga hodi upya.

Wenye visanduku vya zamani visivyo na diski ya pande mbili, tutavipitia kwa mkono mara moja, bila malipo. Fundi akifika, tafadhali msizime kisanduku hadi taa ya kijani itulie: kitajiwasha upya chenyewe, na hapo ndipo kinapothibitisha toleo jipya.