Barua kwa sahibu yangu aliyeko Lamu kuhusu vidonge vya sonona

Kibokoni, Mombasa
14 Januari 2026

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako ilinifikia juzi baada ya alasiri, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa sikutaka kukujibu kwa pupa jambo ambalo umelibeba peke yako tangu mfungo sita. Umeniambia kwamba ikifika saa tisa za usiku usingizi hukukimbia, kwamba chakula hukipiki wala hukitamani, kwamba hata kuoga kumekuwa mzigo, na kwamba vidonge alivyokuandikia daktari umevinywa kwa wiki tano sasa. Kisha ukaniambia kuwa kakako amekuonyesha kwenye simu habari kwamba wataalamu wenyewe wamekiri sonona haitokani na upungufu wa kemikali yoyote ubongoni, na kwa hivyo dawa hizo ni ulaghai wa makampuni. Waniuliza kama uvitupe.

Nakuomba usivitupe, na nakuomba zaidi ya hapo kwamba hata ukija kuamua kuviacha, usiviache ghafla. Nitakueleza kwa urefu, maana nimeipitia njia hii mwenyewe na tangu wakati huo sijaacha kusoma habari zake.

Kwanza nimtendee haki kakako. Habari aliyoisoma si ya uzushi. Mwezi wa Julai 2022, Joanna Moncrieff wa London na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu serotonini, ile kemikali ya ubongoni inayotajwa, wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa sonona husababishwa na kupungua kwake. Wako wataalamu waliowapinga kwa njia walivyozisoma tafiti hizo, lakini wengi wao walikubali kwamba maelezo ya "umepungukiwa na kemikali" yalikuwa mepesi mno. Nilipoisoma habari ile nilishikwa na hasira, kwa sababu daktari wangu wa kwanza, katika kliniki moja ya hapa mjini, alinitamkia maneno hayohayo bila kuinua macho kwenye karatasi yake: ubongo wangu umepungukiwa, nami nitakunywa dawa maisha, kama mwenye kisukari anavyojidunga insulini. Nilitoka mle chumbani nikijiona mtu mwenye kilema, na hali ile ya kujiona kilema ilinikaa kwa muda mrefu kuliko huzuni yenyewe.

Hata hivyo, dawa za kwanza za sonona hazikuzaliwa na nadharia ile. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View huko New York, wagonjwa waliokuwa wakijaribiwa dawa iitwayo iproniazidi walianza kuchangamka na kupata hamu ya kula, wakati ambapo mapafu yao yalikuwa bado hayajapona. Kufikia 1957 dawa hiyo ilikuwa ikitumiwa kwa watu wenye sonona, na mwaka huohuo daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, akachapisha habari za imipramini, ambayo awali ilikuwa imejaribiwa kwa wagonjwa wa skizofrenia bila mafanikio. Hao wote waliona kwanza mtu aliyeinamisha kichwa akikiinua, na maelezo ya kwa nini yakatafutwa baadaye, katika miaka ya 1960. Aspirini, ambayo hakuna nyumba hapa mtaani isiyoijua, iliuzwa tangu 1899, na ni mwanasayansi John Vane aliyekuja kueleza jinsi inavyofanya kazi mwaka 1971. Katika muda wote huo vichwa vya watu vilikuwa vikipoa. Kwa hivyo nadharia ya serotonini ikianguka, kinachoanguka nayo ni lile neno "umepungukiwa" na ile hukumu ya maisha. Dawa yenyewe hupimwa kwa swali jingine: je, wanaoinywa hupata nafuu kuliko wanaonywa kidonge kitupu kisicho na dawa bila wao kujua?

Jawabu lake si la kujivunia wala la kudharau. Mwaka 2018 Andrea Cipriani wa Oxford na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye watu 116,477 na dawa 21, wakakuta zote zimeshinda kidonge kitupu, ingawa kwa tofauti isiyokuwa kubwa, na majaribio mengi yalidumu kama wiki nane tu, ilhali watu hunywa dawa hizi kwa miaka. Miaka kumi kabla yao, mtafiti Irving Kirsch alikuwa ameonyesha kwamba kwa mtu ambaye sonona yake haijawa kali, faida ya dawa juu ya kidonge kitupu haionekani sana, na kwamba hudhihirika kwa wale walioelemewa hasa. Lakini lililonikera kuliko yote ni alilolifichua mtafiti Erick Turner mwaka huohuo wa 2008. Alichukua majaribio 74 yaliyokuwa yamesajiliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani na kutafuta yalivyochapishwa. Majaribio 38 yalikuwa na matokeo mazuri, na 37 kati ya hayo yalichapishwa. Yaliyobaki 36 hayakuwa mazuri: 22 hayakuchapishwa kabisa, 11 yalichapishwa kwa namna ya kuyafanya yaonekane mazuri, na matatu tu ndiyo yaliyosemwa kama yalivyokuwa. Madaktari waliosoma majarida kwa nia njema walikuwa wakisoma nusu ya habari. Hapo kakako ana haki ya kukasirika, nami nakasirika pamoja naye. Ila makampuni yalitia chumvi faida iliyokuwepo, na kutia chumvi hakumaanishi kwamba chunguni hamna kitu.

Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa 2022 unasema mwenye sonona isiyokuwa kali asianzishiwe dawa kama jambo la kawaida, aanziwe na mazungumzo na msaada mwingine, isipokuwa mwenyewe akipendelea dawa. Lakini sahibu, mtu asiyelala tangu saa tisa, asiyekula, na ambaye maji ya kuoga yamemshinda, huyo hayumo katika kundi la kuambiwa atembee ufuoni apunge upepo wa kaskazi. Kwa hali uliyoniandikia, uko katika wale ambao hata baadhi ya wakosoaji wa dawa wanakiri kuwa ina la kuwafaa.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Nilianzishwa amitriptilini, ambayo ni ya zamani na ya bei nafuu. Nililala, alhamdulillahi, lakini nililala hadi adhana ya alfajiri ikanipita, na kinywa kilinikauka hata ulimi ukawa kama kitambaa. Nilivificha vidonge ndani ya mkebe wa iliki, kwa sababu sikutaka mamangu avione, na mpaka leo harufu ya iliki ikinipata hukumbuka uchungu wa kidonge kile nikikimeza jikoni gizani. Mamangu alikuwa ameshajua. Hakunigombeza. Alimleta maalimu akanisomea, kisha akaniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, mama mwenyewe akalikosha kwa marashi ya waridi, na nikayatazama maandishi yale yakiyeyuka polepole mpaka sahani nzima ikawa manjano. Nilikunywa huku mama amenishika bega. Siku ile nilijua kwamba kuna mtu yu macho pamoja nami, na hilo daktari yule wa kwanza hakunipa kwa dakika zake chache.

Baadaye nilipata daktari mwingine, mwanamke mwenye subira, akanibadilishia dawa na kunipa setralini. Aliniambia mapema kwamba kichefuchefu na wasiwasi huenda vikatangulia, na kwamba nafuu huchukua wiki mbili hadi sita kujionyesha. Ilikuwa kama alivyosema. Dawa haikuniletea furaha, na yeyote anayekuahidi furaha ndani ya kidonge anakudanganya. Iliniwezesha kuamka, na nilipoweza kuamka niliweza kuongea, kuswali, na kumwambia mume wangu yale ambayo nilikuwa sijamwambia kwa miaka miwili.

Kisha nikafanya kosa ambalo wewe unakaribia kulifanya. Mwaka wa pili, Ramadhani ilipoingia, jamaa yangu mmoja aliniambia kuwa mfungo na vidonge vya akili haviendi pamoja, na kwamba imani ingenitosha. Niliviacha siku moja. Siku ya tatu nilikuwa nimesimama jikoni nikikanda unga wa sambusa, kichwani mwangu mkapita kitu kama mpwito wa umeme, zap, kila nilipogeuza macho. Nikapata kizunguzungu, nikalia bila sababu, nikaota ndoto za kutisha. Nikaamini kwamba sonona imerudi na kwamba maneno ya daktari wa kwanza yalikuwa kweli, mimi ni kilema wa kudumu. Daktari wangu ndiye aliyenifahamisha kuwa ule ulikuwa mwili uliozoea dawa ukinyang'anywa kwa ghafla, na kwamba dalili zikija katika siku chache za mwanzo, zikiwa na mipwito na kizunguzungu ambavyo ugonjwa wenyewe haukuwa navyo, kwa kawaida huwa ni za kuachishwa. Ni wangapi katika mji huu waliorudi kwenye dawa kwa hofu, wakidhani ni ugonjwa, kumbe ni njia ya kuacha iliyokuwa mbaya? Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika mabishano haya yote: upande mmoja huhimiza watu waanze, upande wa pili huwahimiza waache, na wachache sana hukaa na mtu katikati.

Tena haikuwa lazima. Kidonge cha mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku, ukishauriana na daktari wako, na Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Ramadhani hiyo inakuja mwezi ujao, nami nakuandikia mapema ili isikukute unahangaika kama ilivyonikuta mimi.

Mimi niliacha baadaye, kwa miezi saba, nikipunguza kidogo kidogo kwa hesabu ya daktari, na sehemu ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko ya mwanzo. Sikuambii haya ili unifuate. Katika jaribio moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021, watu 478 waliokuwa wametumia dawa kwa muda mrefu na kujisikia vizuri waligawanywa, wengine wakaendelea na wengine wakaachishwa pasipo kujua. Katika mwaka mmoja, asilimia 56 ya walioachishwa walirudiwa na sonona, na asilimia 39 ya walioendelea. Zisome vizuri tarakimu hizo. Dawa iliwakinga baadhi, hakuna ubishi, na bado si wachache walioacha walisalimika, na si wachache walioendelea hawakusalimika. Hakuna mtu, awe daktari au kakako, anayeweza kukuambia leo kwamba wewe ni wa kundi gani. Hilo litajulikana kwa kufuatiliwa, na kufuatiliwa ndiko ninakokutakia.

Na mazungumzo usiyaone kuwa ni porojo. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafunza wanawake wa kawaida, wengi wao wakiwa nyanya, wakae kwenye benchi nje ya zahanati za Harare na kumsikiliza mtu matatizo yake na kumsaidia kuchagua moja la kuanza kulitatua. Wenyeji huita maradhi hayo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kama sisi tunavyosema fulani ana mawazo. Katika jaribio lao la 2016 lenye watu 573, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14 kwa waliopitia benchi, na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Nikiziona baraza zetu hapa Mji wa Kale zimejaa watu kila jioni, na mwenye mawazo amejifungia ndani, moyo huniuma.

Jambo la binti yako sitalipitisha. Umesema naye hana raha, na kwamba umefikiria kumpa nusu ya kidonge chako. Usifanye hivyo, tafadhali. Ana miaka 19, na tangu 2004 mamlaka ya Marekani imeweka onyo kali kwenye dawa hizi kwa watoto na vijana, likapanuliwa mwaka 2007 hadi umri wa miaka 24, kwa kuwa katika wiki za mwanzo baadhi ya vijana huzidiwa na mawazo ya kujidhuru. Huyo aonwe na daktari kivyake.

Na wewe pia, mawazo ya kutotaka kuishi yakikujia, nipigie hata iwe usiku wa manane, na umwambie daktari bila kuficha. Zamani watu walinyamaza kwa kuogopa polisi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Nimezungumza na daktari wangu. Atakuona Jumanne asubuhi, na amekubali nikae nawe chumbani. Panda basi la Jumatatu, nitakungoja kituoni, na usiku huo utalala kwangu. Njoo na vidonge vyote pamoja na karatasi ya dawa, uandike siku ulizokunywa na siku ulizoruka. Kakako akitaka kuja, aje na simu yake na habari yake, amuulize daktari mbele yetu. Hadi hapo, kidonge cha leo usiku kinywe.

Nisalimie watoto na shemeji.

Ni mimi sahibuyo,
wa Kibokoni