Jumamosi tunaanza saa 3 asubuhi, si saa 8

Habari za jioni wakuu. Tumeambiwa mchana umeme utakatika, hivyo tukutane saa 3 kamili, palepale Sinza.

1. Njoo na laptopu yenye Linux, chaji imejaa.
2. Chai na bando: sh. 5,000 kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa jioni.
3. Somo ni nakala rudufu (backup) kwa rsync, programu ya kunakili faili. Jaribuni nyumbani, kazi ni folda ya faili zenu, nakala ni folda ya kuzihifadhia:

rsync -avn --delete kazi/ nakala/

Hiyo --delete hufuta ndani ya nakala kila kisichopo kwenye kazi, ila n (ya kwenye -avn) inaonyesha tu kitakachotokea, haigusi faili. Msiitoe kabla ya kusoma orodha yote! Na alama ya / baada ya kazi msiisahau. Mimi niliisahau, nikapata nakala/kazi, kila kitu mara mbili, diski ikajaa usiku.

Andika "nipo" au "sipo" kabla ya Alhamisi usiku, niombe viti vya kutosha.