Malalamiko kuhusu gari la fowili (la kuvuta kwa magurudumu yote manne) mlilonikodisha kwa safari ya Jangwa la Chalbi na Mlima Kulal, kaskazini mwa Kenya

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kukodisha Magari ya Safari,
Nairobi.

Bwana Meneja,

Nakuandikia kudai amana yangu ya shilingi 80,000 ambayo ofisi yako imekataa kunirudishia, na kukueleza hali ya gari mlilonikabidhi. Karani wako aliniambia kwa simu kwamba fedha hizo zimekatwa kwa sababu niliendesha nje ya barabara, nikaharibu habu moja (kile kifaa cha katikati ya gurudumu la mbele kinacholiunganisha na ekseli) na matairi mawili. Sikubaliani na maelezo hayo hata kidogo, na sababu zangu ni hizi.

Njia yetu mliijua tangu mwanzo. Karani huyo huyo aliiandika kwa mkono wake kwenye mkataba: Isiolo, Marsabit, Maikona, Kalacha, North Horr, Loiyangalani, kupanda Kulal hadi Gatab, kisha kurudi kupitia South Horr, Baragoi na Maralal. Alinitoza bei ya juu kwa sababu ya njia hiyo. Tangazo lenu nalo linaonyesha gari la aina hiyo limesimama juu ya chumvi nyeupe ya Chalbi, na chini ya picha mmeandika kwamba liko tayari kwa jangwa na milima. Leo mteja akitoka huko mnamwambia aliacha barabara! Barabara ipi? Watu wanaishi North Horr, watoto wanasoma huko, na malori ya vyakula hupita njia hiyo hiyo. Kutoka Nairobi hadi Marsabit ni lami tupu. Mtu wa kuishia kwenye lami hana haja ya kuja kwenu kukodi fowili.

Nianze na habu, maana ndiyo iliyokaribia kutuacha jangwani. Gari hili ni la zile ambazo dereva hushuka na kufunga habu za magurudumu ya mbele kwa mkono, kushoto na kulia, kabla ya kuingiza gia ya fowili. Tulipofika ukingo wa Chalbi nilizifunga zote mbili hadi kwenye alama, nikaingiza gia, na taa ya fowili ikawaka. Kila kitu kilionyesha kwamba magurudumu manne yanavuta.

Chalbi ilikuwa ziwa zamani za kale. Juu kuna ganda kavu la chumvi na udongo ambalo hubeba gari vizuri, lakini chini yake mahali pengine pana tope ambalo halikauki hata wakati wa kiangazi. Kabla hatujafika Kalacha, ganda lilipasuka. Magurudumu ya nyuma yalichimba mpaka ekseli ikakaa juu ya tope. Nilimwachia binti yangu usukani, nikapiga magoti kando ya gurudumu la mbele la kushoto na kumwambia akanyage mafuta taratibu. Nyuma tope lilirushwa hewani. Mbele, gurudumu halikusogea hata kidogo. La kulia vivyo hivyo. Fundi yeyote atakwambia kwamba habu moja isiposhika, nguvu yote ya ekseli ya mbele hupotelea upande huo, na upande wa pili hauvuti chochote hata ukiwa mzima. Nililipia fowili, nikapewa gari la kuvuta kwa nyuma.

Jeki mliyotupa ilikuwa fupi na haikuwa na ubao wa kuiwekea chini, kwa hiyo tulipoipampu ilizama yenyewe na gari likabaki palepale. Pampu ya upepo iliyotiwa tiki kwenye fomu yenu ya ukaguzi haikuwamo garini. Waliotutoa ni vijana wa Kigabra waliokuwa wakipeleka ngamia kisimani. Waliyaleta makuti ya mkoma kutoka Kalacha, wakayatandika chini ya magurudumu, wakachimba kwa mikono na kusukuma pamoja nasi mpaka jua likashuka. Baba yangu, mzee wa zaidi ya miaka 70, alishinda amejikunyata kwenye kivuli cha gari na maji yetu yakipungua. Nambari yenu ya dharura niliipiga mara tu nilipopata mtandao. Haikupokelewa usiku ule wala asubuhi yake.

Loiyangalani nilimpata fundi aliyeifungua ile habu ya kushoto mbele yangu. Nimeambatisha picha. Grisi imegeuka ukoko mweusi, meno ya ndani yamelika mpaka yamekuwa mviringo, na springi yake imeshika kutu. Bwana Meneja, kutu ya namna hiyo hailetwi na mteja aliyekaa na gari siku chache wakati wa kiangazi. Habu ile ilikuwa imekufa zamani ikiwa kwenye yadi yenu, na mtu wenu akaweka tiki na sahihi yake kwamba imekaguliwa.

Kuhusu matairi. La kwanza lilikatwa ubavuni na mawe ya volkano tulipotoka Loiyangalani kuelekea South Horr. Kila apitaye huko anayajua mawe hayo, na tairi kukatwa pale si ajabu. Hilo peke yake nisingelilalamikia. Ninalolalamikia ni tairi la akiba. Tangazo linaahidi mawili, mkatupa moja, tena limefungwa chini ya chasi. Tulipolishusha tukaona ubavu wake una nyufa zinazoingiza ukucha. Kila tairi lina tarakimu nne pembeni zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa. La kwenu limeandikwa 0913, yaani wiki ya 9 ya mwaka 2013. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja wa jiwe, lakini halikumaliza mwendo wa saa moja. Mpira wa juu ulibanduka wote ukapiga bodi. Tulirudishwa Loiyangalani na lori la samaki, na fundi yule yule akalishona la kwanza kwa uzi mnene na kulitia tyubu. Tairi hilo la kushonwa ndilo lililotufikisha Maralal. Mnanitoza bei ya jipya badala ya tairi la 2013, na sijui mtu anawezaje kuandika ankara kama hiyo.

Kuna hasara nyingine ambayo haimo kwenye risiti. Baba alifundisha shule Marsabit ujanani, na safari hii niliipanga kwa ajili yake, ili auone msitu wa Kulal tena. Mlima huo una mita 2,285, na ukiupanda unatoka kwenye joto la ufuo wa Ziwa Turkana, ambako upepo unavuma mchana na usiku, unaingia kwenye ukungu na miti yenye ndevu za kuvumwani. Umehifadhiwa tangu 1978 kama eneo la bayongahewa (hifadhi ya viumbe na mazingira yao) la UNESCO. Kupanda Gatab ni mawe matupu na mwinuko mkali. Bila magurudumu ya mbele kuvuta na bila tairi la akiba, hakuna mtu mwenye akili angempandisha mzee pale. Tuliutazama kutoka chini tukarudi. Baba hakulalamika, lakini mimi nalalamika, kwa sababu sina hakika kwamba afya yake itamruhusu kwenda tena.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mteja haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, kupewa taarifa anazohitaji, na kulindwa afya na usalama wake. Kwa msingi huo nadai mnirudishie amana yote ya shilingi 80,000. Mnilipe gharama za fundi wa Loiyangalani na lori, ambazo risiti zake nimeziambatisha. Na mnirudishie kodi ya siku zile ambazo gari halikuweza kufanya kazi mliyolikodisha kufanya. Nadai pia gari hilo lisitoke yadini mpaka habu zote mbili zibadilishwe na matairi yote ya zamani yatupwe. Mteja atakayelichukua baada yangu huenda ana watoto wadogo, na huenda siku hiyo pasipite ngamia wala lori.

Nasubiri jibu la maandishi katika siku 14 tangu upokee barua hii. Nisipolipata nitapeleka mkataba, fomu yenu ya ukaguzi, picha na risiti katika Mahakama ya Madai Madogo, Nairobi.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu
(sahihi)
Viambatisho: nakala ya mkataba, fomu ya ukaguzi, picha za habu na tairi, risiti