Darsa ya Jumamosi: irabu moja, maana tatu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Jumamosi baada ya Isha tunaendelea na msamiati mgumu wa Kiarabu cha kale. Safari hii ni zamu ya muthallath, yale maneno ambayo irabu ya herufi ya kwanza ikigeuka, maana nayo inahama. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuyakusanya ni Qutrub, mwanafunzi wa Sibawayhi yule bingwa wa sarufi ya Kiarabu; Qutrub alifariki mwaka 206 Hijria.

Kalaam mnaijua, ni maneno. Kilaam ni majeraha. Kulaam, ardhi ngumu. Ghamr ni maji mengi, ghimr ni chuki iliyojificha moyoni, na ghumr ni mtu asiye na uzoefu (msianze kutajana humu).

Kundi la pili ndilo linalonivutia zaidi: matamshi yanabadilika, maana iko palepale. Chukueni isba', kidole. Hamza, herufi yake ya kwanza, inakubali irabu tatu, na herufi baa nayo tatu, tunapata matamshi tisa. Ongeza usbuu', zinatimia kumi. Zote zimepokewa na wanalugha, ila isba' ndiyo fasaha na mashuhuri zaidi. Kwa hiyo mwenzako akisema usbu', usimrukie.

Kila mmoja achague neno moja, atume sauti yake kabla ya Ijumaa usiku. Picha ya kamusi siitaki. Na herufi 'ayn, ile ya mwisho wa isba', itoke kooni jamani, wengi tunaimeza ikawa "a" ya Kiswahili tu.

Matangazo ya viwanja yapelekeni kule kwenye kundi la biashara.