Watoto wafunzwe mkono kwanza, raundi baadaye

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mashua hapa Dunga, Kisumu, na kazi hiyo imenifanya niwe na jicho kali nikimtazama mtoto akiogelea. Mashua ikilemewa tezi, yaani nyuma, haiendi, hata uipe wapiga kafi kumi. Muhula uliopita nilienda kumchukua binti yangu kidimbwini, shule yao ikijiandaa kwa mashindano, nikakuta watoto wameamrishwa raundi arobaini za mita 25. Kocha ameketi kivulini na kipenga chake. Kufikia raundi ya kumi, kila mtoto alikuwa kichwa juu, makalio chini, miguu ikikanyaga maji kana kwamba anaendesha baiskeli. Thelathini zilizobaki walikuwa wakikariri makosa tu.

Nilimuuliza kocha kwa heshima mbona hawafunzwi mkono, yaani namna ya kuvuta maji. Akanijibu, "Mzee, hayo ni madoido. Pumzi kwanza."

Sina ugomvi na pumzi. Lakini maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, na anayeyasukuma kwa kifua atachoka bure hata akiwa na mapafu ya farasi.

Kichwa juu, hata hivyo, najua kilikotoka. Sisi tuliokulia ufuoni tulijifunzia ziwani, na huko usipoinua kichwa utajikuta umenaswa na gugumaji, au uso kwa uso na kiboko. Ziwani hiyo ni akili. Kidimbwini hakuna kiboko.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nalipa kiingilio tufanye mazoezi sisi wawili (ziwani simpeleki, kichocho bado kipo). Tunaanza na ubavu: analala upande, mkono wa chini umenyooka mbele, wa juu umetulia pajani, anapiga miguu tu hadi ng'ambo akitazama sakafu. Wiki mbili za kwanza alikunywa maji ya kutosha. Kumbe alikuwa akibana pumzi, halafu akigeuka anataka kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja. Nikamwambia atoe mapovu puani polepole uso ukiwa majini, ili akigeuka iwe ni kuvuta tu, na jicho moja libaki ndani ya maji.

Zoezi ninalolipenda ni la ngumi. Mita 25 amefumba ngumi, 25 zinazofuata amefungua viganja. Akifumba, kiganja hakimsaidii tena; inambidi kiwiko kibaki juu na kigasha chote, toka kiwiko hadi kiganja, kisimame kivute maji. Mpiga kafi analijua hili: ubao ukilala, maji yanateleza pembeni. Akifungua viganja hucheka: "Baba, mikono imekuwa mikubwa!"

Kuna pia la kungojeana, mkono mmoja ukae mbele mpaka mwenzake uufikie. Linarefusha mwili, ila likizidi mtoto anazoea kusimama katikati ya safari. Raundi nne zinatosha.

Kwa jumla hatupiti mita 600: mara nane 25 za mazoezi hayo, kisha mara nane 50, kwenda kwa zoezi na kurudi kwa mtindo wa kawaida. Kila mara anapumzika sekunde 20 au 30, na kila mara tunahesabu mikono. Alianza na mikono 29 kwa mita 25. Sasa ni 21, wala hajaongeza nguvu. Hesabu ikipanda ghafla, najua amechoka. Tunatoka tukanunue mahindi.

Twapenda kumtaja Jason Dunford, aliyeipa Kenya dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Delhi mwaka 2010. Mbio hiyo haimalizi hata nusu dakika. Raundi arobaini za kuburuza miguu zinamwandaa mtoto kwa mbio gani?

Ombi langu kwa walimu wanaoandaa timu ni dogo: nusu saa ya kwanza, mwili ukiwa na nguvu, iwe ya mkono. Na kocha atoke kivulini, achutame ukingoni, kwa sababu kiwiko hakionekani kutoka kitini.

Jumamosi iliyopita watoto wawili wa darasa la binti yangu walitufuata kidimbwini. Walikuja na ngumi zimefumbwa tayari, hata kabla hawajavua viatu.

Fundi wa mashua,
Dunga, Kisumu