Sarafu za ushindi wa Roma zisisomwe kama hati ya kiapo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe neno kuhusu makala ya toleo lililopita juu ya sarafu za Roma ya kale, ambamo mwandishi alidai kwamba sarafu za ushindi ni ushahidi usiopingika wa vita ambavyo Warumi walishinda. Makala yenyewe niliifurahia, ila dai hilo halisimami, na sarafu ileile iliyochapwa kubwa juu ya ukurasa ndiyo inayoliangusha.

Sarafu hiyo ni ya Kaisari Vespasian, ya mwaka 71 BK. Katikati umesimama mtende, na chini yake, upande wa kulia, ameketi mwanamke aliyeshika tama. Kushoto yupo mwanamume mwenye mavazi ya vita na mkuki mkononi, mguu mmoja kaukanyagisha juu ya kofia ya chuma. Maandishi yanayouzunguka ukingo, IVDAEA CAPTA, maana yake ni kwamba Yudea imetekwa. Anayeitazama ataamini kwamba Roma imejipatia nchi mpya, kumbe Yudea, nchi ya Wayahudi, iliwekwa chini ya liwali wa Kirumi mwaka 6 BK, na vita vilivyoanza mwaka 66 vilikuwa uasi wa watu waliokwisha kutawaliwa. Yerusalemu ilianguka mwaka 70 na hekalu likateketea, lakini ngome ya Masada ilikuwa bado mikononi mwa waasi wakati sarafu hizi zinaanza kufuliwa, na haikutwaliwa mpaka mwaka 73 au 74.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Vespasian alikalia kiti mwaka 69, mwaka ambao Roma iliona makaisari wanne, naye alikipata kwa damu ya Warumi wenzake. Ushindi wa namna hiyo mtu hautangazi sokoni. Vita vya Yudea, ambavyo mwanawe Titus aliviongoza hadi kuanguka kwa Yerusalemu, vilimpa adui wa kigeni wa kuonyeshwa kwa kila aliyekwenda kununua mkate.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 53 KK Waparthi, waliotawala Uajemi wakati huo, walimwua Crassus, jemadari wa Kirumi, huko Carrhae na kuchukua bendera za vikosi vyake, aibu iliyowakaa Warumi kooni kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 20 KK Kaisari Augustus alizirudisha kwa mazungumzo, huku jeshi likisogezwa Armenia kama tishio, bila vita yoyote na Waparthi. Hata hivyo, sarafu zake za fedha zinamwonyesha Mparthi amepiga magoti, anakabidhi bendera kama mtumwa. Naye Kaisari Domitian, mwana mwingine wa Vespasian, alipotangaza kwamba Germania imetekwa, Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, aliandika kwa kejeli kwamba mateka wa gwaride lake walikuwa watu walionunuliwa, wakavishwa na kutengenezwa nywele ili wafanane na Wajerumani; ingawa, tuseme haki, Tacitus alimchukia Domitian na hakuwa shahidi asiye na upande.

Mfano unaonichekesha zaidi ni wa Kaisari Philip, aliyeitwa Mwarabu. Mwaka 244 alifanya amani na Uajemi, akafua sarafu za kujisifu kwamba ameiweka amani hiyo juu ya msingi imara. Mfalme Shapur wa Kwanza wa Uajemi alichonga habari yake mwenyewe kwenye jiwe huko Naqsh-e Rostam, katika Iran ya leo, akasema kwamba Philip alikuja kuomba na akalipa dinari 500,000.

Sisemi sarafu hizi zitupwe. Zinatuambia kwa usahihi mkubwa kile ambacho Kaisari alitaka kiaminiwe, na katika mwaka upi, jambo ambalo vitabu vingi haviwezi. Lakini shauri lina pande mbili, na walioshindwa nao walijua kufua. Katika uasi ulioongozwa na Myahudi Bar Kokhba dhidi ya Roma, kati ya mwaka 132 na 135 BK, Wayahudi walichukua sarafu za Kirumi na kuzigonga upya kwa mihuri yao, na katika baadhi ya zile za shaba waliweka mtende, mti uleule ambao Vespasian alimketisha chini yake mwanamke wa msiba. Zipo ambazo hazikugongwa sawasawa, na chini ya alama mpya bado linaonekana umbo la uso wa Kaisari.

Ombi langu ni kwamba makala ikiendelezwa, mojawapo ya sarafu hizo ichapwe kando ya ile ya Vespasian, kwa ukubwa uleule.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga